MGENI NJOO, LAKINI MWENYEJI APONE KWELI

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mikutano ya utalii methali hii haikosi kutajwa, na nusu yake ya kwanza imekwisha kutimia. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 7 kutoka nchi za nje, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wananchi wa Visiwani wasiofika milioni 2. Kwa kila wenyeji watatu, basi, hupita mgeni mmoja na zaidi kila mwaka. Hiyo ni hesabu kubwa.

Nusu ya pili ya methali ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo. Na mwenyeji tunayemkusudia si mwenye hoteli, wala mwenye gari la kukodisha, wala mwenye duka la vinyago Mji Mkongwe. Hao wana sauti na wanajua pa kuipeleka. Tunamkusudia mkulima wa Pete, wa Kitogani, wa Charawe na wa Ukongoroni, ambaye shamba lake limepakana na msitu, na ambaye mnyama anayetazamwa na mgeni mchana huenda kula kwake jioni. Je, mwenyeji huyo amepona?

Wageni wengi hufuata bahari na mchanga mweupe. Hata hivyo wengi miongoni mwao hutenga walau siku moja kuzunguka kisiwa ili waone misitu na viumbe vyake. Safari hiyo yafaa nasi tuifuate, maana hoja yetu imo ndani yake.

Barabara ya Makunduchi hutoka Mjini, hupita Tunguu, na baada ya kilomita zipatazo 35 huingia chini ya kivuli cha Jozani. Msitu huu, pamoja na mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ulitangazwa mwaka 2004 kuwa Hifadhi ya Taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliuingiza katika orodha yake ya hifadhi hai za dunia. Humo yumo paa nunga, ambaye ni adimu sana. Wamo pelele na komba. Na yumo kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe usoni, ambaye hapatikani po pote duniani ila Unguja na visiwa vidogo vilivyo ubavuni mwake, ukiacha wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970.

Jina la mnyama huyu ni ushahidi wa jinsi alivyotazamwa zamani. Punju ni sumu. Wazee waliamini kuwa mti anaoula hukauka, na mbwa amlaye hunyonyoka manyoya. Leo mgeni hulipa fedha za kigeni ili asimame hatua chache kutoka kwake na kumpiga picha. Hesabu ya kwanza ya kisiwa kizima, iliyotangazwa mwaka 2017, ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Hiyo ni habari njema, nasi twawapongeza waliohusika.

Lakini kima hajui mpaka uliochorwa katika ramani. Baadhi yao huishi nje ya Hifadhi, na hata wale wa ndani huvuka barabara wakaingia mashambani. Hula majani ya miembe na mikungu, na hula vidaka vya nazi. Kisha hufanya jambo ambalo halijulikani sana kwa nyani na kima wa mahali pengine: hushuka kuokota makaa katika matanuri ya wanakijiji na kuyatafuna. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulieleza kuwa makaa huyasaidia matumbo yao kuvumilia ukali uliomo katika majani ya miti hiyo ya kupandwa. Mnyama huyu, basi, amejifunza kuishi kwa mti uliopandwa na mkulima na kwa makaa yaliyochomwa na mkulima. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba mlinzi wake wa kwanza ni jirani yake.

Kuhusu nazi, haki na isemwe. Watafiti waliochunguza mashamba ya minazi walieleza mwaka 1999 kuwa minazi inayoliwa na kima haikuonekana kupungukiwa mavuno, kwa kuwa vidaka vinapopunguzwa vile vinavyobaki hupata nafasi ya kukomaa. Elimu hiyo ni muhimu na ingefaa ifike katika kila baraza la kijiji. Hata hivyo haimalizi malalamiko. Mkulima ambaye amekuta mche wake umenyofolewa haponi kwa kusomewa matokeo ya utafiti. Anataka kujua ni nani atakayeshiriki naye hasara, kama vile wengine wanavyoshiriki faida.

Tuendelee na safari. Karibu na Jozani wananchi wa Pete wamejengewa daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, ambapo mgeni hutembea akitazama kaa na mizizi inayopumua maji yakitoka. Kusini zaidi, Kizimkazi, wageni hupelekwa baharini kuwaona pomboo. Ifahamike kuwa hadi miaka ya 1990 pomboo hao hao walikuwa wakivuliwa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Mvuvi aliacha kumwua pomboo alipoona kuwa akiwa hai ana faida ya kudumu. Kuna lawama ya haki, kwamba mashua nyingi huwazingira na kuwasumbua wanyama hao, na lawama hiyo lazima irekebishwe. Hata hivyo mabadiliko yenyewe yalitoka kwa mvuvi aliyepata fungu lake, bila ya kuletwa na bunduki ya askari.

Pemba inatufundisha hivyo hivyo. Msitu wa Ngezi unajulikana, lakini somo kubwa lipo Kidike. Popo wa Pemba, ambaye hana nchi nyingine ila kisiwa hicho, alikuwa akiwindwa kwa ajili ya nyama, na kuelekea mwaka 1990 ilihofiwa kuwa wamebaki elfu chache tu. Wanakijiji walishirikishwa, vikundi vya kuwalinda vikaundwa, na mgeni akaanza kulipa ili awaone wakining'inia mitini. Katika miaka ya 2000 walihesabiwa zaidi ya elfu 20. Baadhi ya makundi yao yalisalimika kwa sababu yalikaa katika miti ya makaburini, ambayo heshima ya wazee iliyakataza mapanga kuigusa. Na Misali, kisiwa kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, wavuvi walisikiliza zaidi pale mashekhe walipoeleza kuwa binadamu amekabidhiwa viumbe kama amana, kuliko walipoonyeshwa kifungu cha sheria peke yake.

Upo pia mfano wa huzuni. Chui wa Unguja alichukiwa kwa vizazi vingi, akahusishwa na uchawi na kuaminiwa kuwa hufugwa na wabaya ili kuwadhuru wenzao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 alisakwa kwa nguvu mpya, na kufikia miaka ya 1990 wataalamu waliomtafuta walikata tamaa ya kumwona. Sheria zilikuwepo, na misitu ilikuwepo. Kilichokosekana ni jirani aliyetaka chui aishi. Kisiwa si bara. Mnyama akichukiwa kisiwani hana pa kukimbilia.

Kwa ajili hiyo tunaomba msomaji avuke bahari pamoja nasi, afike Wasso. Msomaji wa Unguja atauliza: Wasso na Jozani vina uhusiano gani? Wasso ni mji mdogo wa Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, mbali na bahari na karibu na mpaka wa Kenya. Huko hakuna nazi wala mikoko. Kuna nyanda, ng'ombe, na nyumbu wanaopita kwa malaki. Tofauti ni kubwa, lakini swali ni moja: wanyama wanaoletea Taifa fedha wanaishi juu ya ardhi ya nani, na huyo mwenye ardhi anapata nini?

Mfugaji wa Loliondo anagharimika kama mkulima wa Pete. Nyumbu wanapozaa, wafugaji wa nyanda zile huondoa ng'ombe wao malishoni wakiogopa maradhi yatokanayo na ndama wa nyumbu. Simba huchukua mbuzi. Hata hivyo watu hawa hawana desturi ya kula nyama ya porini, na ni kwa sababu hiyo wanyama walibaki hapo hata mgeni akaja kuwatazama.

Katika miaka ya 1990 ilionekana kuwa mwenyeji wa Loliondo angepona. Vijiji kadhaa, Ololosokwan kikiwa kimojawapo, vilifunga mikataba na makampuni ya utalii wa kutembea na kupiga picha. Ada iliingia katika mfuko wa kijiji, na kijiji kilijua mgeni ana thamani gani. Lakini ardhi hiyo hiyo ilikuwa pia imegawiwa, mapema katika miaka hiyo, kwa kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu. Mwenye kibali cha Serikali na mwenye mkataba wa kijiji wakakutana juu ya nyasi moja. Kisha kanuni za mwaka 2007 zikahamishia Wizarani sehemu kubwa ya madaraka ya kukusanya ada za utalii katika ardhi za vijiji. Kilichokuwa haki ya kijiji kikageuka kuwa mgao wa kungojewa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2009 maboma yalichomwa moto. Mwaka 2017 yakachomwa tena. Juni 2022 vigingi vilipigwa kutenga kilomita za mraba 1,500 kati ya 4,000 za Loliondo. Kukatokea mapambano, askari mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa na wengine wakakimbilia Kenya. Wakati huo huo wakazi wa Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 ili iwe makao ya watu na wanyama kwa pamoja, walikuwa wakihamishiwa Msomera, Wilaya ya Handeni. Septemba 2023 Mahakama Kuu, Arusha, ilitamka kuwa tangazo la Juni 2022 lilikuwa batili kwa kuwa wananchi hawakushauriwa. Na Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni mzaliwa wa Makunduchi, mwisho wa barabara ile ile ipitayo Jozani, alikutana na viongozi wa Kimaasai na kutangaza tume mbili, moja ya kuchunguza mambo ya ardhi na nyingine ya kuangalia kazi ya kuwahamisha watu kwa hiari.

Hatuandiki haya kwa kuikejeli Serikali. Hoja zake ni nzito. Watu wa Ngorongoro walikuwa elfu 8 hivi mwaka 1959, na baadaye wakapita laki moja. Vyanzo vya maji ya Serengeti vina haki ya kulindwa, na fedha za utalii hujenga shule na hospitali hata Kigoma na Mtwara, ambako wageni wanaofika ni wachache. Mtu mwenye akili hawezi kusema kuwa kila kijiji kifanye kipendavyo na urithi wa Taifa. Tunasema tu kwamba mazungumzo yaliyotangazwa mwaka 2024 yangekuwa na gharama ndogo zaidi kama yangefanywa kabla ya vigingi. Kigingi hung'oka, chuki haing'oki upesi.

Turudi Visiwani. Hapa tumeanza vizuri kuliko wengi. Tangu mwaka 1995 Idara ya misitu, ikisaidiwa na shirika la CARE, ilianza kuwashirikisha wanavijiji wanaouzunguka msitu wa Jozani. Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ilifungua mlango wa mikataba ya kijamii ya kutunza misitu. Vyama viliundwa, kikiwemo cha wakulima wenye mashamba yanayotumiwa na kima, na sehemu ya kiingilio cha wageni ikapangwa iwarudie wananchi. Matuta yaliwekwa barabarani, na vifo vya kima waliokuwa wakigongwa na magari vikapungua sana. Haya ni mambo ya kujivunia, na ndiyo yanayotutia hofu yasije yakalegea. Mradi wa mfadhili una mwisho, na ofisa mwema huhamishwa. Kilichojengwa juu ya hisani ya mtu huondoka pamoja na mtu.

Kwa hiyo tunaomba wenye mamlaka wayatazame mambo manne.

La kwanza, fungu la vijiji lisimame juu ya sheria, kwa kiwango kinachotajwa, ambacho hakiwezi kubadilishwa kwa barua. Na kila robo ya mwaka ibandikwe katika ofisi ya Sheha karatasi moja inayosomeka: tiketi ngapi zimeuzwa, fedha kiasi gani zimepatikana, kijiji kimepewa kiasi gani, na zimefanya kazi gani. Karatasi hiyo haina gharama. Itazuia fitina nyingi, na itamzuia pia kiongozi wa chama cha kijiji atakayetaka kujifanya yeye ndiye kijiji.

La pili, mwenye shamba atofautishwe na mwanakijiji wa kawaida. Zahanati na kisima ni vya wote, na wote wavifurahie. Lakini kima hawali migomba ya wote. Yule ambaye ardhi yake hulisha wanyama na hukanyagwa na wageni anastahili kodi ya ardhi hiyo, ilipwe kwa wakati na kwa jina lake.

La tatu, mpaka usichorwe kabla ya mazungumzo. Tunasema hivyo kwa hifadhi mpya, kwa hoteli mpya na kwa barabara mpya. Mwananchi aitwe barazani angali ana uwezo wa kusema hapana, wala asiitwe kuja kusomewa yaliyokwisha kuamuliwa. Hilo ndilo somo la Wasso, nalo limenunuliwa kwa bei kubwa mno kuachwa lipotee.

La nne, tusimkataze mtu kuni bila ya kumwonyesha atakachopikia. Mtu wa maeneo ya uwanda, ambako ardhi ni mawe na udongo ni haba, haendi msituni kwa uadui. Huenda kwa sababu watoto wanangoja chakula. Vitalu vya miti ya kuni na gesi ya bei nafuu ni silaha za hifadhi kama ilivyo doria.

Nao wananchi wana wajibu wao. Fungu la haki halimpi mtu ruhusa ya kutega paa usiku na kupokea mgao mchana. Kijiji kinachotaka sauti katika uendeshaji wa msitu hakina budi kumfichua mkata mikoko hata akiwa ni ndugu, na hakina budi kudai hesabu kwa viongozi wake kama kinavyoidai kwa Serikali. Vijana wanaowaongoza wageni wajifunze kweli habari za miti na viumbe, wawazuie wageni kuwalisha na kuwashika wanyama, na madereva wapunguze mwendo Jozani hata pale ambapo hakuna tuta. Mgeni huiga adabu ya aliyempokea.

Kuna watakaosema kuwa fedha za kiingilio cha Jozani ni kidogo mbele ya mapato ya mahoteli, na kwamba haifai kuzijadili kwa kirefu hivi. Tunawajibu kuwa hoteli inaweza kujengwa po pote penye bahari, na ikibomoka hujengwa nyingine. Kima punju akiisha Unguja, hakuna nchi itakayotuuzia mwingine. Na mtu anayeweza kumwisha au kumhifadhi hayuko Mjini wala ng'ambo. Yuko Pete, ana panga mkononi na mwembe nyuma ya nyumba, na kila siku anaamua mwenyewe. Serikali ihakikishe kuwa kila siku anayo sababu ya kuamua vema.